Kibali cha Mlima Pinter

Sorrel Springs, Oregon
20 Juni 1986

Wendell mwanangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Kibali cha kuwinda kimetoka.

Miaka ishirini na moja naomba, miaka ishirini na moja ofisi ya wanyamapori inanirudishia kadi ya pole. Jumanne iliyopita dada yako kaja kutoka sanduku la posta na bahasha nene, kanikabidhi bila neno. Nikaipapasa tu, nikajua. Kondoo dume wa mlimani, mmoja, na ni mara moja maishani: ukishapewa, hupewi tena mpaka unazikwa. Etchart jirani yangu ananuna kama mke mkubwa. Yeye ana miaka kumi na minane tu ya kuomba, na bado.

Msimu unafunguliwa Jumamosi tarehe 13 Septemba. Kambi tutapiga kwenye chemchemi ya magharibi chini ya Mlima Lowry, pale penye miti mitatu ya mireteni, si kwenye tambarare, maana harufu ya moshi hupanda na upepo wa asubuhi. Etchart atatuazima nyumbu wawili. Maji tutabeba, chemchemi ikikauka tusiumbuke. Siku mbili za kwanza hatupigi chochote, tunakaa tu kwenye vichaka vya seji na darubini. Kondoo nawafahamu mmoja mmoja, mimi ndiye niliyekuwapo walipoteremshwa kwenye malori kuurudishia mlima wanyama wake. Kuna dume mmoja pembe ya kushoto imepasuka ncha, namwita Seneta kwa vile hafanyi kazi na ananenepa. Huyo ndiye.

Omba likizo mapema. Lete darubini ile ya miguu mitatu. Na upunguze kitambi, mwanangu. Miguu ya fundi wa mabasi imezoea kulala uvunguni, huku kuna kupanda.

Baba yako,
Orval Haskett

*

Sorrel Springs
24 Juni

Mdogo wangu Wendell,

Najua Baba amekwisha kukuandikia. Barua hii ichome ukimaliza, na usinipigie simu. Laini bado ni moja bonde zima, na Bi. Etchart huinua simu yake kabla hatujamaliza kusema halo.

Kibali si cha Lowry. Ni cha Mlima Pinter.

Mwaka huu ni mimi niliyejaza kadi ya maombi. Baba alisema mkono unamtetemeka, nikakaa mezani akawa ananitajia. Tulipofika kwenye namba ya mlima nikataka kufungua kitabu cha mwaka huu. Akanicheka. "Twila, namba yetu ni 571 tangu ukisukwa mikia miwili ya nywele. Hata ukiniamsha kaburini nitakutajia." Nikaandika 571. Kumbe mwaka huu wameyagawa maeneo upya na kubadilisha namba zote. 571 sasa ni Pinter, maili sabini kutoka hapa, ng'ambo ya tambarare ya chumvi, mahali ambapo Baba hajawahi kukanyaga. Nilifungua bahasha kidogo pale pale posta nikaona.

Jana nilikwenda mjini, nikamdanganya kuwa nafuata dawa ya ng'ombe, nikaenda ofisi ya wanyamapori. Yule mama wa dirishani ni mtu mwema, lakini alisema kibali kikishachapwa kimechapwa. Akipiga kondoo Lowry na kibali cha Pinter, wanachukua bunduki na pikapu, na leseni hatapata tena. Tena kuna mkutano wa lazima Jumamosi tarehe 16 Agosti, kwenye ukumbi wa mjini. Kila aliyepata kibali anaitwa jina na mlima wake mbele ya wenzake, halafu wanapimwa kama wanaweza kujua umri wa kondoo kwa pembe. Asiyefika, kibali kinafutwa.

Kwa hiyo lazima ajue kabla ya siku hiyo. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anapaka mafuta matandiko ya nyumbu huku anapiga mluzi. Baba, mluzi, Wendell. Tangu Mama afe sijamsikia.

Sijui kwa nini mwenyewe hajakisoma. Amekitia mfuko wa shati, anakigusagusa, basi.

Dada yako,
Twila

*

Portland
1 Julai

Dada Twila,

Mwambie. Leo, kabla hujaikunja barua hii. Kosa si lako peke yako, namba alikukaririsha yeye. Atafoka siku mbili, ya tatu ataulizia kahawa. Unamjua.

Lakini kuna jambo lingine. Barua yake nimeiweka mezani tangu Alhamisi naitazama. Mistari inapanda kama inafukuzwa, na mahali pawili ameandika juu ya maneno aliyokwisha kuandika. Niliisoma kwa kuigeuzageuza. Mkono unaotetemeka hutetemesha herufi, haukosi karatasi. Halafu unasema mtu aliyesubiri miaka ishirini na moja hajakisoma kibali chake.

Gazeti anasoma? Mwangalie akisoma. Nijibu upesi.

Wendell

*

Sorrel Springs
9 Julai

Wendell,

Nimemwangalia. Ni afadhali nisingemwangalia.

Gazeti analishika kila asubuhi kama kawaida. Jumatatu nilimpa la wiki iliyopita, akalifungua, akaguna, akasema bei ya ndama imeshuka tena. Bei ya ndama haikuwemo. Kahawa anaimimina kidole kikiwa ndani ya kikombe. Kwenda zizini anapita ukingoni mwa uzio mkono ukiwa juu ya waya, nami nikadhani anakagua nguzo. Jana paa sita walisimama kwenye seji, karibu kabisa, hata Bi. Etchart angewaona bila miwani. Nikamwambia, "Baba, unawaona?" Akasema, "Wazuri sana," akiwa anatazama ghala.

Kwa hiyo sasa mambo ni mawili. Nimwambie mlima si wake, halafu nimwambie na macho si yake? Na huku anasafisha bunduki kila siku. Mtu asiyemwona paa wa hatua hamsini anataka kupiga risasi mlimani, nawe ukiwa mbele yake. Usingizi sipati, Wendell. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na nyumba hii sasa ina wafichaji wawili.

Mwandikie wewe. Kutoka kwangu atasikia kwamba nataka kumweka ndani ya nyumba kama mtoto, maana ndilo analonishutumu tangu nilipochukua funguo za trekta. Wewe uko mbali, huna funguo za kitu. Nakuomba.

Twila

*

Portland
15 Julai

Baba mpendwa,

Nimeomba likizo na nimepata, kuanzia tarehe 8 Septemba.

Kuna mambo mawili, nayasema wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusema wazi. Kibali chako ni cha Mlima Pinter, si Lowry. Namba zimebadilishwa mwaka huu, na Twila aliandika ile uliyomtajia. Amejaribu kurekebisha, haiwezekani. Amekuwa akiogopa kukuambia, na mimi nimekuwa nikimsukuma yeye badala ya kukuambia mwenyewe. Nisamehe kwa hilo.

La pili ni macho yako. Nadhani huoni, Baba, na nadhani unajua huoni. Sikuulizi ili nikuaibishe. Tarehe 16 Agosti kuna mkutano wa kupimwa, na sitaki ukalikute jambo hili mbele za watu.

Chochote utakachoamua, mimi nakuja. Kama ni kukaa jikoni tukinywa kahawa, nakuja.

Mwanao,
Wendell

*

Sorrel Springs
22 Julai

Wendell mwanangu,

Barua yako nimeipata na imenifurahisha kuliko ulivyotegemea. Ile habari ya viatu vipya imenichekesha. Fundi kununua viatu vya mlimani na kuvivaa kazini ili vilainike, wenzako si wamekucheka? Waache. Na kupanda ngazi za ghorofa saba kila asubuhi na gunia la mchanga mgongoni, hilo sikulitegemea kwako. Nimemsimulia Etchart, naye sasa anapanda ngazi ya ghala lake kwa wivu.

Umeuliza Seneta anaendeleaje. Yuko. Nilimwona juzi kwenye kingo za mwamba, amekaa anacheua kama kawaida yake.

Usihangaike kuja kwenye mkutano wa Agosti. Kuhesabu pembe mimi sifundishwi na kijana wa ofisini. Chemchemi bado ina maji. Nitakuandikia kuhusu maharage na nyama ya kukausha, tusibebe vitu mara mbili.

Baba yako

*

Portland
26 Julai

Twila,

Nyumba ninayokaa ina ghorofa mbili. Viatu vipya sina. Kuhusu Seneta sikuuliza neno.

Umemsomea nini Baba?

Wendell

*

Sorrel Springs
2 Agosti

Wendell,

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, halafu uniite jina lolote.

Bahasha ilikuja nikiwa nakanda mkate. Baba akaichana, akaifungua, akaitazama muda mrefu kabisa, macho yakitembea kushoto kulia kama mtu anayesoma. Halafu akasema, "Miwani nimeiacha kwenye pikapu. Nisomee wewe, mikono yangu ina mafuta." Mikono yake ilikuwa safi. Nikaichukua na unga vidoleni. Likizo nikaisoma. Nikafika kwenye mstari wa pili, yeye amekaa na tabasamu, ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri, anakusubiri wewe useme kitu. Mdomo wangu ukajiendea wenyewe. Viatu, ngazi, gunia la mchanga. Sijui vilitoka wapi. Kila nilipotaka kurudi kwenye mstari alikuwa anacheka, na kila alipocheka nikaongeza.

Mwishoni nilisoma tarehe ya mkutano, na lile la kukaa jikoni neno kwa neno. Akauliza, "Kwa nini tukae jikoni?" Nikasema labda ni utani.

Nimekuwa mwongo wa mtu ninayempikia, na wewe nimekutia kinywani maneno yasiyo yako. Najichukia. Tangu hapo nimejaribu mara tatu. Ya mwisho ilikuwa jana kwenye lango. Nikasema, "Baba, kuhusu mkutano." Akanikatiza: "Unadhani nitashindwa?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana, Wendell. Nikasema hapana.

Njoo wewe. Njoo kabla ya tarehe 16.

Twila

*

Portland
8 Agosti

Dada,

Nimeomba, wamekataa. Wenzangu wawili wako hospitali na mabasi yamejaa gereji. Wamesema nikiondoka sasa nisirudi, na Septemba nayo nitakuwa nimeipoteza.

Kumwandikia tena ni kukuandikia wewe. Nilifikiria nimwombe Etchart amsomee, lakini hapo bonde zima litajua kabla ya mlo wa jioni. Kwa hiyo umebaki wewe na siku nane. Sitakutukana, mimi mwenyewe nilimpigia simu jana ili nimwambie, nikamwuliza hali ya hewa.

Mwambie hata kwa kumkatiza. Mwambie akiwa anafoka.

Wendell

*

Sorrel Springs
17 Agosti

Wendell,

Sikumwambia. Nilikuwa na maili tisini ndani ya pikapu, mimi na yeye, na Etchart katikati aliyekuja kwa ajili ya maandazi ya bure, na sikumwambia.

Walikuwa wanaume tisa na mama mmoja. Afisa alisimama akaanza kuita majina, mlima kwa mlima. Lowry waliitwa watatu. Baba alikuwa ameshainuka nusu kwenye kiti. Jina lake halikutajwa. Akabaki hivyo, kainuka nusu, kofia mkononi, mpaka afisa alipofungua karatasi ya pili: "Mlima Pinter. Haskett, Orval."

Etchart akasema kwa sauti, "Pinter?" Baba akasema, "Umesikia." Halafu akamwambia afisa, "Nipo." Akaketi. Hakugeuka upande wangu.

Baadaye walipimwa. Mezani paliwekwa mafuvu matatu ya madume. Wenzake walitazama na kukisia. Baba alipofika aliweka mikono yote miwili juu ya pembe, akaanza kushuka na vidole, polepole, mstari hadi mstari. Akasema, "Huyu minane. Na alipokuwa na minne alipata mwaka wa njaa, hapa mistari imebanana." Afisa akaangalia karatasi yake. Ilikuwa minane. Watu wakapiga makofi, mmoja akasema huyo mzee kaja kuwaaibisha vijana.

Nikadhani tumepona. Lakini wakazima taa wakaweka picha ya mteremko ukutani, kila mtu aseme anaona madume wangapi. Zamu ya Baba ilifika, akasimama. Nilitaka kumnong'oneza, watano, lakini nilikuwa mbali. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza kahawa, "Sioni hata mmoja. Ukuta wenyewe siuoni." Akavaa kofia akatoka nje, mkono ukitafuta mlango.

Tulimshusha Etchart kwake. Tulipobaki wawili Baba akasema, "Ile barua ya Wendell unayo?" Ilikuwa kwenye pochi, nimekuwa nikitembea nayo. "Simamisha gari uisome. Yote." Nikasimama kando ya barabara nikaisoma yote. Akauliza niliruka mistari mingapi. Nikahesabu, nikamwambia kumi na mmoja.

Leo hajaniambia zaidi ya "chumvi" na "mlango". Sasa hivi nimetoka chumbani kwake kumtandikia, na bunduki haipo mahali pake. Yeye mwenyewe simwoni uani. Naipeleka barua hii posta nikimtafuta. Naogopa, Wendell.

Twila

*

Sorrel Springs
24 Agosti

Wendell mwanangu,

Mkono unaouona ni wa Twila, maneno ni yangu. Mwandishi wangu ni yule yule aliyeniruka mistari kumi na mmoja. Nimemwambia aliandike hilo pia, na ameliandika. Amelia kidogo. Hilo nalo nimemwambia aandike.

Ulipopiga simu ile Jumatano, Bi. Etchart alikuwa wa kwanza kukujibu kwamba niko hai, kwa hiyo habari ya bunduki unayo. Iko kwao. Niliipeleka mwenyewe, maili mbili kwa miguu, mkono kwenye waya wa uzio, risasi mfukoni. Nilifika viganja vimechanika. Nilitaka niitoe nyumbani nikiwa bado na akili ya kuitoa. Ningeiacha, kufikia Septemba ningekwisha kujishawishi kwamba naona.

Maana hivyo ndivyo nilivyokuwa. Tangu Krismasi katikati ya kila kitu kuna doa, na doa linakula kwenda pembeni. Nilikudanganya kuhusu Seneta. Sijamwona tangu theluji. Nilijua mahali anapokaa, nikakuandikia yuko. Kwa hiyo Twila si mwongo peke yake hapa, sisi ni ukoo. Twila anauliza kama kweli aandike hivyo. Andika.

Nilikasirika, sikufichi. Si kwa sababu ya namba, namba nilimkaririsha mimi na kitabu nikamkataza. Nilikasirika kwamba mlikaa wawili mnaamua nini nikijue. Halafu siku ya pili nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa nimekaa peke yangu nikiamua nini mkijue ninyi. Nimelikoroga, nimelinywa.

Sasa sikiliza mpango. Kibali ninacho, na hakihamishiki kwa mtu. Etchart ameuliza mara mbili, mshenzi yule. Nitakwenda Pinter nacho, bila bunduki. Afisa nimempigia, anasema hakuna sheria inayokataza mtu kupanda mlima na karatasi mfukoni. Mtakuwa wawili nami, na darubini ya miguu mitatu, na mtaniambia mnachokiona.

Nimefikiri sana juu ya mlima huo. Ingekuwa Lowry ningewapita ninyi wawili. Naujua jiwe kwa jiwe, ningekaa pale nikiwaonyesha kondoo kwa kidole, nanyi mngeitikia kwa huruma, na ingekuwa gazeti lile lile la kila asubuhi. Pinter siujui. Siwezi kujifanya hata kidogo. Kitakachokuwa kule ni kile mtakachonieleza, na mkinidanganya nitakuwa sina mlima kabisa.

Kwa hiyo msinipunguzie na msiniongezee. Kama hakuna kondoo, semeni hakuna. Kama ni majike matupu, semeni majike. Kama ni dume wa pembe kamili amesimama hatua mia mbili, ubavu wazi, ninyi mkatamani ningekuwa na macho na bunduki, hilo ndilo mniambie kwanza, hata nikilia.

Maana naogopa, Wendell. Miaka sabini na mitatu sijamwandikia mtu neno hilo. Kupanda siogopi. Naogopa siku nitakapokaa jikoni nisijue aliyeingia ni nani mpaka aseme, na asiseme.

Likizo yako inaanza Jumatatu tarehe 8. Twila anasema upumzike, uje Ijumaa, tupande Jumamosi moja kwa moja. Mimi nasema njoo Alhamisi. Ukichelewa mpaka Ijumaa utakuta nimeshaghairi.

Baba yako,
Orval Haskett

(Ameniambia nimsomee yote kabla ya kutia sahihi. Nimemsomea. Amenifanya nirudie mara mbili. T.)